Je, Wajua? Protini Zinazoshika RNA, Kuanzia Kwenye Mbege Hadi Kibong'oto

Kila seli hutunza maagizo yake katika DNA. Agizo likihitajika, hunakiliwa kwenye uzi mfupi uitwao RNA, na ribosomu huusoma uzi huo ili kutengeneza protini. Lakini nakala hiyo haiachwi ijiendee. Ziko protini ambazo kazi yake ni kuishika RNA: kuilinda, kuikunjua, kuikata, au kuipeleka ikaharibiwe kabla haijasomwa. Kwa kijidudu chenye seli moja tu, hapo ndipo uhai na kifo huamuliwa, tena kwa dakika chache. Watu wa Moshi na wa vijiji vya mlimani Kilimanjaro hukutana na matokeo ya kazi hiyo kila siku: katika kata ya mbege, pombe ya ndizi, kwenye mgomba, katika homa na katika kikohozi.

Je, wajua kuwa hamira ya pombe ya Afrika Mashariki ilichangia Tuzo ya Nobel?

Mpika mbege huchemsha ndizi mbivu mpaka zigeuke nyekundu, huziacha zichachuke kwa siku kadhaa, huzichuja, halafu huchanganya maji yake na uji wa kimea cha ulezi uliokwisha kupoa. Gamba la mti wa msesewe hutia uchungu. Kinachogeuza sukari kuwa kilevi ni hamira. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza aina mpya ya hamira aliyoipata katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita *Schizosaccharomyces pombe*. Hamira nyingi huzaliana kwa kuchipua. Hii hujigawa katikati, sawa kwa sawa. Sifa hiyo ilimfaa sana Mwingereza Paul Nurse alipokuwa akitafuta jeni zinazoongoza mgawanyiko wa seli, na mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Mwaka 2002 jenomu ya hamira hiyo ilichapishwa: kromosomu 3, na jeni za protini zipatazo 4,800.

Je, wajua kuwa hamira hiyo huandika maagizo ya uzazi kisha huyafuta?

Chakula kikiwa tele, hamira hii huendelea tu kujigawa. Hata hivyo baadhi ya jeni zake za uzazi wa kijinsia, ule wa seli mbili kuungana, hutoa nakala za RNA kabla ya wakati. Protini iitwayo Mmi1 huzitambua nakala hizo kwa mfuatano wa herufi unaojirudia ndani yake, UNAAAC, ambapo N ni herufi yoyote. Huzikamata na kuzipeleka kwenye mtambo wa seli unaosaga RNA.

Nitrojeni ikiisha, mambo hubadilika. Protini nyingine, Mei2, huungana na RNA maalumu ndani ya kiini cha seli na kuizuilia Mmi1 mahali pamoja. Nakala zilizokuwa zikisagwa sasa zinapona. Seli mbili zilizokwisha kuungana huingia kwenye uzazi, na hutoka spora 4 zenye uwezo wa kuvumilia njaa na ukame. Watafiti wa Japani, kundi la Masayuki Yamamoto, walieleza jambo hili mwaka 2006.

Siri ya mshiko wa Mei2 iko katika umbo. Ina vipande 3 vya aina iitwayo RRM. Kila kipande kina asidi amino zipatazo 90, zilizokunjwa kuwa bapa la nyuzi 4 lililoegemea misokoto 2. Usoni mwa bapa hilo kuna pete za kikemikali, na herufi za RNA hulala juu ya pete hizo. Umbo hilohilo limo katika protini nyingi za mwili wa binadamu.

Je, wajua kuwa baridi hukunja RNA?

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, unafika mahali ambapo jua huchoma mchana na udongo huganda usiku. Bakteria hana pa kujificha na mabadiliko kama hayo. Joto likishuka, nyuzi za RNA hujikunja na kujifunga zenyewe, ribosomu ikashindwa kuzisoma. Bakteria wengi hujiokoa kwa protini ndogo za baridi. Ile ya *Escherichia coli*, CspA, ina asidi amino 70 tu. Hujibandika kwenye RNA na kuilegeza ili isomeke tena. *Bacillus subtilis*, bakteria wa udongoni, ana protini 3 za jamii hii, na akinyimwa zote hawezi kuishi. La kustaajabisha zaidi, RNA inayobeba agizo la kutengeneza CspA yenyewe hubadili umbo kwenye baridi na kusomeka kwa urahisi zaidi: agizo hilo linapima joto lenyewe.

Je, wajua kuwa homa nyingi zilizodhaniwa malaria mjini Moshi hazikuwa malaria?

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwapima wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vilionyesha kuwa malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa asilimia 1.6 tu. Wengine walikuwa na leptospira, homa ya Q, chikungunya, au bakteria ndani ya damu.

*Salmonella Typhi*, anayeleta homa ya matumbo, ni miongoni mwa bakteria wanaopatikana katika damu za wagonjwa wa Moshi. Jamii ya Salmonella hutegemea protini iitwayo Hfq, pete ya vipande 6 vinavyofanana, iliyogunduliwa katika *E. coli* mwaka 1968. Hfq ni mshenga: hushika RNA ndogo upande huu na RNA ya agizo upande ule, huzikutanisha, kisha hujiondoa. Maagizo mengine hunyamazishwa, mengine huamshwa. Salmonella aliyeondolewa Hfq katika majaribio ya panya alidhoofika sana, akashindwa kuambukiza ipasavyo.

Je, wajua kuwa protini ya bakteria imetumika kurekebisha ndizi?

Cas9 ni protini ya *Streptococcus pyogenes*. Hushika RNA yenye herufi 20 za kuongoza, hutafuta DNA inayolingana nazo, na kuikata. Bakteria huitumia kujikinga na virusi. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 kwamba inaweza kuelekezwa popote tunapotaka, wakapata Nobel mwaka 2020.

Virusi vya michirizi ya ndizi vimejificha ndani ya jenomu ya baadhi ya migomba na huamka mmea unapopatwa na ukame. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA mjini Nairobi walitumia Cas9 kuviharibu katika aina ya Gonja Manjaya. Asilimia 75 ya mimea iliyohaririwa haikuonyesha ugonjwa iliponyimwa maji. Kwa mkulima wa kihamba anayeona mvua zikiyumba, habari hiyo ni nzito.

Je, wajua kuwa dawa kuu ya kifua kikuu huziba njia ya RNA?

Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu (TB) tangu 1926, na mwaka 2009 ndiyo iliyoanza kutibu TB sugu nchini. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya TB, huingia ndani ya mtambo wa protini unaoandika RNA ya bakteria na kuziba njia ya kutokea. Uzi wa RNA hukwama baada ya herufi 2 au 3. Bakteria sugu huwa amebadilika katika jeni ya *rpoB*, na zaidi ya asilimia 95 ya mabadiliko hayo hukaa katika kipande kifupi cha herufi 81. Ndiyo maana mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwaka 2010, hutoa jibu chini ya saa 2: hukagua kipande hicho tu.

Basi mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi asikae nyumbani akisubiri kipone chenyewe. Apeleke makohozi yakapimwe. Katika vituo vya serikali matibabu ya TB ni bure. Kujua mapema kama rifampisini itamfaa kunamfikisha kwenye dawa sahihi kabla hajawaambukiza wanawe.