Julius Caesar: Jemadari wa Jukwaani na wa Mafumbo

Uwanja ninaokualika kuuingia unaitwa upokezi, yaani uchunguzi wa jinsi vizazi vya baadaye vinavyompokea mtu wa kale na kumpa sura mpya. Huhitaji kujua Kilatini ili uanze.

Tumjue kwanza mtu mwenyewe. Julius Caesar alikuwa jemadari wa Roma aliyeanza kuiteka Galia, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, mwaka 58 KK. Mwaka 49 KK alivuka mto Rubicon pamoja na jeshi lake, kinyume cha sheria, vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 15 Machi 44 KK, kundi la maseneta lilimuua kwa majambia.

Mwaka 1599 Shakespeare alimpandisha jukwaani katika tanzia, yaani tamthilia ya mtu mkubwa anayeelekea kwenye maangamizi. Visa alivichota kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki wa maisha ya watu mashuhuri. Wageni wengi hukwama hapa: mbona Caesar anauawa katika tendo la tatu, na bado yamebaki mawili? Mbona Brutus, mmoja wa wauaji wake, anasema maneno mengi kumzidi? Usibabaike. Caesar akishakufa ndipo jina lake linapoanza kufanya kazi: rafiki yake Antony anautumia mwili wake na wasia wake kuugeuza umati mazishini. Soma onyesho hilo la mazishi kwanza, tena kwa sauti, katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka upya mwaka 1969.

Kuna jambo moja dogo ninalolipenda mno. Mtu aitwaye Artemidorus alimpa Caesar barua ya kumwonya. Kwa Plutarch, Caesar anataka kuisoma lakini msongamano wa watu unamzuia. Kwa Shakespeare anakataa mwenyewe, kwa kuwa jambo linalomhusu yeye linapaswa kuja mwisho. Bahati mbaya imegeuzwa kuwa tabia, na hapo ndipo tanzia inapozaliwa. Ukiiona tofauti hiyo, umeshaanza kufanya upokezi.

Kutoka barua hiyo twende kwenye maandishi ya siri ya Caesar mwenyewe, yaani mafumbo yake. Mwanahistoria Suetonius anaeleza kwamba Caesar alipoandika mambo ya siri, kila herufi aliiandika kwa ile ya tatu mbele yake. Mbinu ya namna hii huitwa usimbaji: kuyageuza maandishi kwa kanuni ili asiyeijua kanuni asiyaelewe. J huwa M, E huwa H. Neno JESHI huandikwa MHVKL. Ukifika mwisho wa alfabeti, unarudi mwanzo.

Utauliza, je, siri hiyo haifumbuliwi kwa urahisi? Hufumbuliwa, na njia yake inavutia kuliko fumbo lenyewe. Katika karne ya 9, mwanazuoni al-Kindi wa Baghdad alionyesha kwamba herufi hazitumiki kwa kiasi sawa, hivyo zihesabiwe. Katika maandishi ya Kiswahili, A ndiyo hujitokeza zaidi. Basi ukipewa ukurasa mzima uliosimbwa kwa kanuni ya Caesar, tafuta herufi iliyojaa kuliko zote. Ikiwa ni D, rudi nyuma hatua tatu kwa kila herufi, uanze kusoma.