Uchachu wa Damu na Pumzi za Mpagazi

Wasikilizaji wetu, njia ya kale itokayo Bagamoyo ikapita Ugogo hata Tabora, na Tabora hata Ujiji, yajulikana kwa pembe na mizigo ya nguo. Lakini misafara ilichukua pia kisichopimwa kwa mizani, nacho ni kipindupindu. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja ugonjwa huo ulipowaka mwaka 1869, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi ulivyofuata njia za biashara.

Mpagazi akishikwa nao huharisha hata macho yakazama. Kisha huanza kuhema, pumzi ndefu za haraka, na kikohozi hana. Kwa nini ahema, na maradhi yako tumboni?

Damu ya binadamu ina kiasi chake baina ya uchachu na umagadi. Katika kipimo kiitwacho pH, maji safi ni 7 na ndimu yakaribia 2. Damu ya mtu mzima wa afya haitoki baina ya 7.35 na 7.45. Mwili hufanya uchachu kila saa, mapafu yakautoa kwa hewa ya ukaa, na figo kwa mkojo. Sasa, katika majimaji ya matumbo mna chumvi iliyo jamaa ya magadi, iitwayo bikaboneti. Aharaye huimwaga pamoja na maji. Na figo, kwa kukosa damu ya kutosha, hushindwa kazi yake. Uchachu ukizidi, mapafu hukaza mwendo ili kuipunguza hewa ya ukaa. Kuhema kule, basi, ni mwili unajitibu, wala hauwezi kuendelea hivyo siku nyingi.

Elimu hii si changa. Mwaka 1831, huko Uingereza, William O'Shaughnessy aliona kwamba damu ya wagonjwa wa kipindupindu imepungukiwa maji na chumvi za umagadi. Mwaka 1832 Thomas Latta wa Leith akatia maji ya chumvi mishipani mwao. Wapagazi wa Unyamwezi hawakufikiwa na faida yake.

Siku hizi pakiti ya dawa ya kuhara ina sukari na chumvi, tena sitirati, gramu 2.9 kwa lita moja, ambayo mwilini hugeuka bikaboneti. Ndiyo sababu yapita maji ya sukari na chumvi ya nyumbani. Magadi ya kupikia asinyweshwe mgonjwa kamwe. Na mtoto aharaye akianza kuhema, ijapokuwa kifua hakimwumi, apelekwe hospitali saa ile ile, akinyweshwa kidogo kidogo njiani.