Kompyuta Mpakato Inaponyamaza

Kwa mwanafunzi asiyeona, sauti ya kompyuta ndiyo macho yake. Katika mfumo wa Linux, programu iitwayo Orca humsomea maandishi yaliyo kwenye skrini. Sauti ikikatika, masomo yake husimama. Hata hivyo, si kila kompyuta mpakato iliyonyamaza imeharibika.

Sauti huanza ikiwa tarakimu. Programu huzikabidhi tarakimu hizo kwa ALSA, yaani sehemu ya Linux isimamiayo vyombo vya sauti. Nayo huzifikisha kwenye chipu inayozigeuza kuwa mkondo wa umeme. Mkondo huo hukuzwa, kisha huutikisa utando wa spika. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote hunyamaza.

Uchunguzi huanzia pasipo na gharama. Amri ya aplay -l huorodhesha vyombo vya sauti ambavyo Linux imevitambua. Chipu ikiwamo, hufunguliwa alsamixer: herufi MM huonyesha njia iliyofungwa, na kitufe cha M huifungua. Chipu isipokuwamo, kompyuta huwashwa kwa mfumo mwingine uliomo katika diski ya USB. Sauti ikisikika, chipu ni nzima na kasoro imo katika programu.

Hatimaye huchomekwa vipokea sauti vya masikioni. Vikilia huku spika zikiwa kimya, chipu haina kosa: huenda waya wa spika umekatika, au swichi ndogo iliyomo katika tundu la vipokea sauti imekwama, na kompyuta ikadhani kwamba vimechomekwa daima. Kiungo hicho ndicho cha kutengenezwa. Hakuna haja ya kununua bodi nzima.