Usiwaache Wakitazama Tu: Namna ya Kufundisha Mtandaoni Bila Watu Kukutoroka

Wateja wetu wengi siku hizi wanafundisha mtandaoni. Kuna anayeonyesha watu kuoka keki akiwa jikoni kwake Kawangware. Kuna mwekahazina anayesomea wanachama hesabu za chama kwa Zoom. Kuna fundi wa Luthuli Avenue anayefundisha vijana kutengeneza simu. Na malalamiko ni yale yale: watu wanaingia wengi, wanazima kamera, na kufikia katikati ya somo nusu wameshatoka. Ukiuliza, "Mnanisikia?" ni kimya tu.

Kabla hujawalaumu, hebu piga hesabu ya upande wao. Mtu anayekutazama akiwa kwenye matatu ya kwenda Kangemi amenunua bando kwa pesa yake. Mwenye duka River Road ameacha mteja asubiri ili akusikilize. Kila dakika unayotumia kusoma slaidi neno kwa neno, yeye analipia.

Kwa somo la mambo ya pesa, hasara ni kubwa zaidi. Mtu anaweza kukaa saa nzima akisikiliza mafunzo ya usalama, akaandika "asante mwalimu," na kesho yake akapigiwa simu na tapeli na kutoa PIN. Somo alilisikia, lakini hakulifanya hata mara moja. Ndiyo maana tunasema: mpe mtazamaji kitu cha kufanya kwa mkono wake.

Tulivyojifunza kutuma pesa

M-PESA ilipoanza Machi 2007, watu wengi hawakukalishwa darasani kuonyeshwa slaidi. Ulienda kwa wakala, akakusajili, halafu akakuelekeza: fungua menyu, chagua kutuma pesa, weka nambari, weka kiasi. Ukifika kwenye PIN, wakala mzuri aliangalia kando. Kisha mkasubiri SMS pamoja. Ikiingia, basi umejua, na jioni ukamfundisha mama nyumbani.

Angalia kilichofanya somo hilo lishike. Simu ilikuwa mkononi mwa mwanafunzi, si mwa mwalimu. Hatua zilikuja moja moja. Na jibu lilikuja papo hapo.

Wengine hapa kwetu wamefuata njia hiyo hiyo. Eneza Education ya hapa Nairobi iliwapa wanafunzi masomo kwa simu ya kawaida kupitia *291#: unasoma maelezo mafupi, unajibu maswali, na ukikwama unamuuliza mwalimu. Kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up, kilichoanza 2012, hakikuwaweka wataalamu studioni wakitoa hotuba. Kiliwapeleka kwenye shamba la mkulima halisi mwenye tatizo halisi, wakarekebisha mambo mbele ya macho ya watazamaji, na mtazamaji akaweza kutuma SMS kuomba maelezo zaidi.

Dakika tano za kwanza

Usianze na historia yako, kamati ya chama na shukrani kwa wote. Anza na kile kilichowaleta. Kama ni keki, onyesha keki iliyopasuka katikati na uulize: "Nani imemtokea hii?" Kama ni hesabu za chama, weka jumla ya akiba kwenye skrini kwanza, kisha eleza imefikaje hapo.

Hapo hapo wape swali la kujibu kwa herufi au nambari moja tu. Aliyeandika "1" kwenye chati mwanzoni ataandika tena baadaye. Ukimwacha robo saa bila kugusa simu, ataenda WhatsApp na kumrudisha ni kazi.

Mfano: somo la SMS bandia

Tuseme unafundisha wafanyabiashara wenzako kutambua ujumbe wa uongo. Wengi huweka slaidi yenye alama kumi za utapeli na kuisoma. Jaribu hivi badala yake.

Weka SMS mbili kwenye skrini, moja ya kweli na nyingine umeitunga mwenyewe. Sema: "Mteja amekuonyesha hizi, anadai amelipa. Utampa mzigo kwa ipi? Andika 1 au 2." Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi ishirini, kwa sababu mtandao unachelewa na watu wanafikiria. Walimu wengi huogopa kimya hicho na kujibu swali lao wenyewe.

Majibu yakija, usiseme bado nani amepatia. Muombe mmoja aeleze kwa nini. Mara nyingi atataja mwenyewe ulichotaka kusema: ujumbe umetoka kwa nambari ya mtu binafsi, au ni skrinshoti ya simu ya mteja wakati yeye hajapokea chochote. Sasa ongeza lako: kinachothibitisha malipo ni salio ulilofungua mwenyewe kwenye simu yako.

Kisha wewe ndiye uwe tapeli. "Habari mama, nimekutumia elfu tatu kimakosa, tafadhali nirudishie haraka, mtoto ako hospitali." Waulize watafanya nini. Wengi wana huruma na watasema watarudisha. Hapo ndipo somo lilipo. Hatua ya kwanza ni kuangalia salio. Pili, hata kama pesa imeingia kweli, usiitume mwenyewe. Aliyekosea ndiye anayeomba mtandao wake urudishe; kwa M-PESA, hupeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456. Na nambari ya tapeli inaripotiwa kwa 333 ikiwa uko Safaricom.

Kazi yote hii haizidi dakika kumi, na kila mtu ameshaamua jambo mara tatu. Tapeli akipiga kesho, hatakuwa anamsikia kwa mara ya kwanza.

Heshima ni ile ile

Kumtaja mtu kwa jina kunaamsha darasa, lakini angalia ni nani. Mzee wa chama hapendi kushtukiziwa swali mbele ya vijana. Mtumie ujumbe mapema: "Mzee, leo nitakuomba utueleze ulivyoanza kuweka akiba." Atakuja amejiandaa na wengine watanyamaza kumsikiliza. Asiyependa kuongea mpe nafasi ya kuandika. Na mtu akikosea, usimcheke; shukuru, kwa sababu kosa lake limefundisha wote.

Hesabu bando na saa

Video inakula data kuliko sauti. Washa kamera yako mwanzoni wakuone, kisha wakati wa maelezo zima, na usilazimishe watu wawashe zao. Tuma slaidi au picha kwenye grupu la WhatsApp kabla ya kuanza, ili anayekatikiwa na mtandao afuate kwa sauti tu.

Zoom ya bure hukata mkutano wa kikundi ukifika dakika 40. Usiione kama adhabu. Panga somo la dakika 35: vipande vitatu, kila kimoja kikiisha na kazi ndogo ya kufanya. Yanayobaki yapeleke WhatsApp kwa ujumbe mfupi wa sauti na swali moja la kupigia kura.

Chagua saa pia. Wenye maduka ya katikati ya jiji huanza kufunga jioni, halafu ni foleni na jam. Saa kumi na mbili jioni utawapata kwenye kelele za stegi. Saa mbili na nusu usiku, mtu ameshafika na amekula.

Ukionyesha skrini yako, usianike watu

Hili tunaliona sana. Mwalimu anaonyesha simu yake na mara SMS inaingia: jina la mteja, nambari yake, kiasi alicholipa, na salio la mwenye simu. Wote wameona, na kuna anayerekodi.

Zima arifa kabla ya kuanza. Tumia picha ulizofuta majina na nambari. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda taarifa za watu, na orodha ya wateja wako si mfano wa kufundishia. Usiweke PIN yako ukiwa unaonyesha skrini, hata kama unafundisha namna ya kulipa. Ishia kwenye hatua iliyo kabla yake na useme, "Hapa kila mtu anaweka yake, peke yake."

Ada ya somo

Kama unatoza, tumia Till au Paybill yenye jina la biashara yako na uwaambie mapema jina litakalotokea. Mlipaji alilinganishe kabla ya kuthibitisha. Likiwa tofauti, aache. Waambie pia wazi kwamba linki ya kuingia darasani haihitaji PIN. Matapeli wanajua watu wanasubiri linki, na wanaweza kutuma yao.

Utajuaje wameelewa?

Usihesabu waliobaki hadi mwisho. Wengine walisahau tu kutoka. Baada ya siku saba, tuma swali moja kwenye grupu, mfano SMS nyingine ya kutungwa, na uulize kama ni ya kweli. Wakipatia, umefundisha. Wakikosea wengi, rudia kipande hicho tu kwa dakika tano, bila kuwaita kwa mkutano mwingine mzima.

Wiki hii, chukua somo moja ulilonalo, toa slaidi tatu, na mahali pake weka maswali matatu. Somo lenyewe liwe lolote, lakini lifunge kwa hili: hakuna mwalimu, wakala wala mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN yako.