Usiniulize hadubini inakuza mara ngapi

Kila anayeniletea kipande cha paini nimpimie unene wa kuta za seli huanza na swali lilelile: "Hadubini yako inakuza mara ngapi?" Wengine wameona tangazo la mara 2,000 na wako tayari kulipa. Swali hilo linawapotezea watu fedha.

Kukuza picha ni jambo moja, kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana ni jingine, na hapo mwanga wenyewe una mpaka wake, alioueleza mwanafizikia Ernst Abbe mwaka 1873. Lenzi ya mara 40, iliyoandikwa 0.65 ubavuni (namba ya uwezo wake wa kukusanya mwanga), kwa mwanga wa kijani hutenganisha hadi mikromita 0.4 hivi. Ile ya mara 100 inayotumia mafuta hufika karibu 0.2. Ukishapita hapo, ikuze picha utakavyo: ukungu ni uleule, umetanuka tu.

Na ukungu huo ndio unaoharibu vipimo. Chukua kuta mbili za seli jirani, zilizoota mwanzoni mwa msimu, zikiwa na mikromita 4 kwa pamoja. Ukingo wake haukatiki ghafla. Wekundu wa rangi ya safranini unafifia taratibu kuingia weupe wa tundu la seli. Programu ya kupimia lazima iambiwe ukuta unaishia wapi, yaani ipewe kizingiti. Kosea 0.2 tu kila upande, unapata 4.4, kosa la asilimia 10. Kosa hilohilo kwenye kuta za mwishoni mwa msimu zenye mikromita 10 ni asilimia 4. Kwa hiyo kuta nyembamba zinanenepeshwa zaidi, na tofauti kwa asilimia kati ya mti mchanga, wenye kuta nyembamba, na mti uliokomaa, ile uliyokuja kuitafuta, inafifia. Kupima seli elfu hakusaidii, maana zote zimekosewa upande mmoja!

Fanya hivi. Chemsha kipande kilainike, kikate kwa mikrotomu unene wa mikromita 15 hadi 20, kipake safranini. Piga picha ya slaidi yenye rula ya mikromita kwa lenzi ileile. Mwanga usibadilike, kizingiti kiwe kimoja kwa picha zote. Pima kuta mbili pamoja, gawa kwa 2. Programu ya ImageJ ni ya bure na inatosha. Ukitaka pia pembe ya nyuzi za selulosi ukutani, ipime kwa mwanga wa polaraizi. Ukitaka tabaka nyembamba za ndani ya ukuta, tafuta hadubini ya elektroni.