Zima Simu Kwanza! Hivi Ndivyo Wasee wa Chuo Huskiza Nyota

Safari ya chuo na huwezi piga selfi? Kwa wasee wa astronomia ya redio hiyo ndio sheria. Ukikaribia dishi, simu inazimwa. Si kutoa mlio tu, ni kuzima kabisa.

Cheki Hartebeesthoek, kama kilomita 50 magharibi mwa Johannesburg, mahali wanafunzi wa Afrika huenda kujifunza hii kazi kwa mikono, wakiwemo Wakenya wa mradi wa DARA. Dishi la hapo lina upana wa mita 26. NASA walilijenga 1961 kufuatilia vyombo vyao vya angani, baadaye likabaki kwa Afrika Kusini likiskiza nyota. Limewekwa kwa bonde makusudi, ndio milima izuie kelele za redio za mjini.

Manze, nyota na gesi za angani hutuma mawimbi ya redio kama stesheni unayoskiza kwa mathree, lakini yakifika huku yamechoka vibaya. Haidrojeni "inashika" kwa megahezi 1420, na ni ya kunong'ona tu. Simu yako mfukoni inaimezea mate mapema.

Si vitisho. Pale Parkes, Australia, wataalamu walisumbuliwa na ishara za ajabu miaka na miaka. 2015 wakanasa mshukiwa: maikroweve ya kazini! Mtu mwenye njaa alikuwa anafungua mlango kabla muda uishe.

Sasa mwanafunzi hufanya nini? Dishi linatulia, dunia inazunguka, kitu cha angani kinapita mbele yake, na mstari kwa kompyuta unapanda kisha unashuka. Hako kamlima ndio data yako. Ama unafuata Vela, mabaki ya nyota iliyolipuka, yanayozunguka mara 11 kila sekunde. Geuza ishara zake kuwa sauti, unapata biti ya kasi kushinda gengetone yoyote. Vitu kama hivi huitwa pulsa, na ya kwanza iligunduliwa 1967 na mwanafunzi, Jocelyn Bell. Nobel ya 1974 ikaendea mwalimu wake. Noma sana.

Kenya iko kati ya nchi nane za Afrika zilizoshikana na Afrika Kusini kwa mradi wa darubini kubwa ya SKA, na dishi kuukuu la setilaiti pale Longonot liliwekwa kwa mpango wa kugeuzwa darubini. Ghana walikuwa na kama hilo Kuntunse, wakaligeuza, wakalizindua 2017. Msee wa Accra hahitaji pasipoti kushika dishi. Na kutoka Nairobi hadi Longonot ni mathree tu.