Fedha ilipoisha ardhini, waligeukia saa: Funzo kwa Osukuru

MSAFIRI anayevuka mpaka kupitia Malaba au Busia kuelekea Tororo, Uganda, hakosi kuiona milima ya Osukuru. Kwa macho ni milima ya kawaida tu. Lakini ndani yake mna fosfati ya kutengenezea mbolea, mna chuma, na mna madini adimu yanayohitajiwa na viwanda vya vifaa vya umeme.

Utajiri huo umewahi kuwapa watu matumaini, kisha ukawaponyoka. Kiwanda cha mbolea kilichofanya kazi Tororo katika miaka ya 1960 kilisimama katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipoporomoka. Mnamo 2018, Rais Yoweri Museveni alizindua kiwanda kipya cha kampuni kutoka China. Mazungumzo kuhusu Osukuru huwa ni ya fidia ya mashamba, ajira na mbolea. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: je, siku madini yatakapokwisha, vijana wa hapa watabaki na ujuzi gani?

Kuna mji mdogo Ujerumani uliokabiliwa na swali hilo hilo zaidi ya miaka 170 iliyopita. Jibu lake leo linavaliwa mkononi na matajiri wa dunia.

Mji wenyewe ni Glashütte, ulio bondeni katika milima ya Saksonia, kusini mwa jiji la Dresden. Milima hiyo ilichimbwa fedha kwa karne kadhaa. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 19, fedha ilikuwa imepungua na njaa ikabisha hodi. Watu waliishi kwa kulima udongo usio na rutuba na kusuka majani makavu ya ngano.

Ndipo akatokea fundi saa, Ferdinand Adolph Lange, aliyezaliwa Dresden mwaka 1815. Alifunzwa kazi na Johann Christian Friedrich Gutkaes, fundi saa wa ikulu ya mfalme, kisha akaenda kuongeza ujuzi Ufaransa, Uingereza na Uswisi. Alirudi na kitabu kilichojaa michoro na hesabu, akamwoa binti ya mwalimu wake.

Lange angeweza kukaa Dresden akiwatengenezea saa wakubwa. Badala yake aliiandikia barua serikali ya Saksonia, akiomba mkopo ili awafunze vijana wa milimani. Serikali ilimkopesha thaler 7,820, na mnamo Desemba 7, 1845, akafungua karakana Glashütte akiwa na wanafunzi 15.

Mpango wake ulikuwa na hekima ya pekee. Kila kijana alifunzwa kutengeneza sehemu fulani ya saa kwa ustadi, ili baadaye aweze kufungua karakana yake mwenyewe na kuwauzia wengine vipuri. Kwa njia hiyo mji mzima ungegeuka kiwanda. Lange aliacha vipimo vya kale vya Kifaransa na kutumia milimita, jambo lililorahisisha kazi. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, na ilimbidi atumie hata mali yake binafsi. Hakukata tamaa. Wakazi walimfanya meya, akaongoza kwa miaka 18. Alifariki mwaka 1875, na wanawe Richard na Emil wakaendeleza kampuni iliyojulikana kama A. Lange & Söhne, yaani A. Lange na Wanawe.

Sifa za saa hizo za mfukoni zilienea hadi majumba ya wafalme. Mnamo 1898, Kaisari Wilhelm wa Pili alipomtembelea Sultani Abdul Hamid wa Pili wa Uturuki, zawadi aliyombebea ilikuwa saa ya Lange iliyopambwa kwa vito.

Lakini baada ya dhiki si lazima ije faraja ya kudumu. Mnamo Mei 8, 1945, siku ya mwisho ya vita barani Ulaya, mabomu yaliangukia jengo kuu la kiwanda. Mwaka 1948, utawala wa Kikomunisti ukainyang'anya familia mali yote, na mwaka 1951 viwanda vya mji huo vikaunganishwa kuwa shirika moja la serikali. Jina la Lange likafutika kwenye saa.

Walter Lange, kitukuu wa mwanzilishi, alitakiwa kwenda kufanya kazi katika machimbo ya urani. Alitoroka, akakimbilia upande wa magharibi. Tazama mzunguko wa mambo: babu yake aliwatoa watu machimboni akawapa kazi ya mikono, na yeye akatakiwa arudishwe machimboni.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, Walter alikuwa mzee wa miaka 65, umri ambao wengi huanza kufikiria pensheni. Yeye alirudi nyumbani. Desemba 7, 1990, miaka 145 kamili tangu siku ya babu yake, aliandikisha kampuni upya akishirikiana na Günter Blümlein, mtaalamu wa biashara ya saa. Hawakuwa na saa hata moja ya kuuza. Walichokuwa nacho ni mji ambao watu wake, hata chini ya serikali ya Kikomunisti, hawakuwa wameacha ufundi.

Oktoba 24, 1994, walionyesha saa nne za kwanza mjini Dresden: Lange 1, Saxonia, Arkade na Tourbillon "Pour le Mérite". Lange 1 ndiyo iliyowashangaza wengi. Duara la saa na dakika limesogezwa kando, na tarehe huonekana kwa tarakimu kubwa katika madirisha mawili. Wazo hilo lilitokana na saa ya jumba la opera la Dresden, iliyoundwa na Gutkaes, ambayo huonyesha wakati kwa namba badala ya mishale.

Baadaye zilifuata Datograph mwaka 1999, Zeitwerk mwaka 2009, na Odysseus mwaka 2019, saa yao ya kwanza ya chuma cha pua kuundwa kwa mauzo ya kawaida. Zeitwerk haina mishale ya saa na dakika. Namba huruka dakika inapotimia. Kwetu tunaohesabu saa tangu alfajiri, tumezoea kutazama namba iliyo mkabala na mshale na kusema "saa moja" mshale ukiwa kwenye saba. Mwenye Zeitwerk hana mkabala wa kutazama. Itambidi atoe sita kichwani.

Saa hizi hazitumii betri, bali kamani kama zile za kutia ufunguo. Kila moja huunganishwa, ikajaribiwa, ikafumuliwa, ikasafishwa na kupambwa, kisha ikaunganishwa mara ya pili. Kipande kinachoshikilia gurudumu la mizani hunakshiwa kwa mkono, na mwenye jicho zuri anaweza kumtambua fundi kwa nakshi yake. Bei huanzia makumi ya maelfu ya euro. Kampuni yenyewe, tangu mwaka 2000, imo mikononi mwa kundi la Richemont la Uswisi. Walter Lange alifariki Januari 2017.

Bila shaka hakuna anayetarajia Osukuru ianze kuunda saa za dhahabu. Fundi saa wa soko la Busia, mwenye kibanio na kioo chake cha kukuzia jichoni, hushughulika zaidi na kubadilisha betri na mikanda ya saa za bei nafuu. Lakini vidole vyake havina tofauti na vya wale wasukaji wa majani wa Glashütte. Tofauti iko kwenye mkopo, mwalimu na mpango.

Serikali ya Saksonia ilikopesha fedha zake ili vijana 15 wafunzwe kazi. Vita vilibomoa kiwanda, na siasa ikafuta jina. Ujuzi ulibaki, na ndio ulioufufua mji. Fosfati ikichimbwa haioti tena. Wanaopanga mustakabali wa Osukuru wangefanya vyema kuhesabu, pamoja na tani za mbolea, idadi ya vijana watakaotoka pale wakiwa mafundi. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.